Bawabu wa Maumivu: Umeme Kwenye Ugwe wa Mgongo

(Mhadhara huu ulitolewa mbele ya wauguzi, wanafunzi wa tiba na wananchi. Umechapwa karibu kama ulivyosemwa. Maswali ya wasikilizaji yameachwa.)

Anayezungumza nanyi si mpasuaji wala si mhandisi. Mimi ni mtu wa fiziotherapia. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukunjua magoti, kuinua mabega na kusikiliza watu wanaoumwa migongo.

Nieleze kwanza kilichonileta kwenye mada hii. Familia moja ilinijia na barua kutoka hospitali ya nje ya nchi. Mama yao alikuwa amepasuliwa mgongo mara mbili, na mguu wake wa kushoto bado ulikuwa unawaka moto usiku kucha. Barua ilisema anaweza kuwekewa mgongoni kifaa cha umeme kitakachotuliza maumivu hayo. Chini ya maelezo kulikuwa na bei. Watoto walikuwa wamekwisha kupata mnunuzi wa shamba la familia. Waliniuliza neno moja tu: "Mzee wetu, tuuze?"

Siku ile sikuwa na jibu, nikaomba wanipe muda. Nikarudi kwenye vitabu na majarida, nikawauliza walionizidi elimu. Nitakayosema leo ndiyo niliyowajibu, ila nimeyarefusha. Nakusudia mtoke hapa mkijua kifaa hiki ni nini, kinafanyaje kazi, kimepimwa vipi, na mtu aulize nini kabla ya kukilipia. Nina hoja nne, na ya tatu itachukua muda mrefu kuliko nyingine, mnivumilie.

Niweke sawa maneno mawili. Tukisema uti wa mgongo, wengi huwaza ile mifupa iliyopangana kutoka shingoni hadi kiunoni. Ndani ya mifupa hiyo kuna mfereji, na ndani ya mfereji umepita ugwe laini, mnene kama kidole kidogo cha mkono, unaopitisha habari kati ya mwili na ubongo. Huo nitauita ugwe wa mgongo. Na nikisema neva, nina maana ya ile tuliyozoea kuiita mishipa ya fahamu.

HOJA YA KWANZA: Maumivu yanaweza kuwa ndiyo ugonjwa wenyewe

Ukikanyaga mwiba, maumivu yanakufaa. Yanakuamrisha uinue mguu, utazame, uchomoe. Kidonda kikipona nayo huondoka. Lakini yako maumivu yanayobaki baada ya kidonda kufunga, kama mgeni aliyekataa kuaga. Yakipita miezi 3, wataalamu huyaita maumivu sugu. Katika toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika Januari 2022, maumivu sugu yamepewa mahali pake penyewe. Zamani yaliandikwa kama dalili ya kitu kingine, na kitu hicho kisipopatikana, mgonjwa alionekana mzushi.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu nimewaona watu wakirudishwa nyumbani. Fundi mwashi mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, aliambiwa mbele yangu kwamba picha yake haina kitu, huenda ni mawazo. Alikunja karatasi yake taratibu, akashukuru, akatoka. Eksirei inaonyesha mfupa. Neva iliyoumia haionekani kwenye eksirei, na kutoonekana kwake hakumaanishi kwamba inaongopa.

Basi tutaionaje? Kwa kusikiliza. Mwaka 1975 mwanasaikolojia wa Canada, Ronald Melzack, alichapisha dodoso lililotokana na maneno ambayo watu huyatumia kueleza maumivu yao, likaitwa kwa jina la chuo chake, McGill. Alitaka neno la mgonjwa lichukuliwe kama kipimo. Ndugu zangu, sisi katika lugha hii hatuna uhaba. Jino linapwita. Tumbo linanyonga. Kiuno kinakata. Ubavu una kichomi. Donda linawasha. Mguu unawaka. Nyayo zinachomachoma kama zimekanyaga makaa, na papo hapo zimekufa ganzi. Wauguzi, lishikeni hilo la mwisho. Mtu anayekwambia kwamba mahali palepale anaungua na hapo hapo hapahisi, mara nyingi anaeleza neva iliyojeruhiwa. Kifaa cha leo kilikusudiwa zaidi watu wa namna hiyo. Mwenye goti lililolika au mfupa uliovunjika jana, hicho si chake.

HOJA YA PILI: Njia ya maumivu ina bawabu

Kutumia umeme kutuliza maumivu ni jambo la kale kuliko waya. Katika karne ya kwanza, tabibu wa Roma aliyeitwa Scribonius Largus aliandika kwamba mwenye jongo asimame ufukweni, akanyage samaki hai wa jamii ya taa, yule mwenye kupiga umeme, mpaka mguu ufe ganzi. Mwenye kichwa kisichopoa naye awekewe samaki huyo pale panapouma. Scribonius hakujua umeme ni nini. Alijua tu kwamba watu walipata nafuu.

Miaka mingi baadaye, katika karne ya 17, mwanafalsafa Mfaransa René Descartes alieleza maumivu kama kamba ya kengele: moto unagusa mguu, kamba inavutwa, kengele inalia kichwani. Maelezo haya yanaingia akilini upesi, na ndiyo sababu yalidumu. Lakini hayaelezi jambo ambalo kila mtu hapa amelifanya. Ukijikwaa kidole, kabla hujafikiri unakishika na kukisugua, na unapata nafuu. Kama ni kamba na kengele tu, kusugua kunapunguza nini?

Jibu lilikuja Novemba 1965 katika jarida la Science, likiandikwa na Melzack yule yule akiwa na mwenzake Mwingereza, Patrick Wall. Walisema ndani ya ugwe wa mgongo pana lango. Neva nene, zinazoleta habari za kuguswa, na neva nyembamba, zinazoleta habari za maumivu, zote hufika hapo. Habari ya mguso hukimbia kwa makumi ya mita kwa sekunde. Habari ya maumivu mazito ya pole pole hutembea mwendo wa mtu, kama mita 1 kwa sekunde. Zile nene zikiwa na shughuli, lango hufungwa, na za nyembamba hupungua zinazopita. Mimi napenda kumwita bawabu. Ukisugua kidole, unampa bawabu kazi nyingine. Na ubongo nao kutoka juu humpa amri zake, ndiyo maana askari vitani au mama anayeokoa mtoto anaweza asihisi jeraha mpaka baadaye. Sehemu kadhaa za nadharia hiyo zimerekebishwa tangu wakati huo, lakini kwamba habari ya maumivu hukaguliwa njiani halina ubishi tena.

Kama bawabu yuko, je, tunaweza kumfikia moja kwa moja? Mpasuaji Mmarekani Norman Shealy alijaribu kwanza kwa paka, kisha mwaka 1967 akamwekea kifaa mzee wa miaka 70 aliyekuwa na saratani ya mapafu yenye maumivu makali. Kifaa kilisanifiwa na Thomas Mortimer, mhandisi kijana aliyekuwa bado anasoma huko Cleveland. Mzee alipata nafuu. Hakuishi muda mrefu, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Tangu nadharia iandikwe hadi umeme uingie mgongoni mwa mtu ni miaka 2 hivi. Katika tiba huo ni mwendo wa kasi mno, na kasi hiyo ina deni lake, kama mtakavyosikia.

Kifaa chenyewe leo kiko hivi. Waya mwembamba wenye vituo vidogo vya chuma, aghalabu 8, huingizwa katika nafasi iliyo nje kidogo ya utando unaofunika ugwe. Waya unaunganishwa na betri ndogo iliyofukiwa chini ya ngozi, kwenye tako au ubavuni. Kwanza huwekwa wa majaribio kwa siku chache hadi wiki moja au mbili, betri ikiwa nje ya mwili. Maumivu yakipungua kwa nusu au zaidi, ndipo wa kudumu huwekwa. Yasipopungua, waya unavutwa na mtu anakwenda nyumbani na kovu dogo. Watu wa fani yangu tuna ndugu wa kifaa hiki vyumbani mwetu: mashine ya TENS, inayobandikwa juu ya ngozi. Hapo mwanzo TENS ilitumika kuchagua nani anafaa kuwekewa kifaa cha ndani, ikagundulika kwamba wengine hiyo ya nje iliwatosha. Msiidharau.

HOJA YA TATU: Ushahidi unagongana, na tunapaswa kujua kwa nini

Hapa ndipo nilipokesha.

Nianze na habari njema. Huko Uholanzi, Kemler na wenzake walichapisha mwaka 2000 jaribio la watu 54 wenye mkono au mguu uliovimba na kuuma bila kikomo baada ya jeraha. Waligawanywa kwa kura: 36 wapewe kifaa pamoja na mazoezi, 18 mazoezi peke yake. Katika wale 36, ni 24 waliofaulu majaribio na kuwekewa kifaa cha kudumu. Baada ya miezi 6, wa kundi la kifaa walikuwa na nafuu ya wazi. Wa mazoezi peke yake walibaki walipokuwa. Mwaka 2007 likaja jaribio kubwa zaidi, la watu 100 kutoka nchi kadhaa, wenye mguu unaouma baada ya upasuaji wa mgongo, kama yule mama yetu. Katika miezi 6, asilimia 48 ya waliopewa kifaa walikuwa wamepunguza maumivu ya mguu kwa nusu au zaidi, dhidi ya asilimia 9 ya waliopewa dawa na tiba za kawaida. Mwaka uliofuata, taasisi ya NICE inayoishauri serikali ya Uingereza juu ya tiba ilikubali kifaa hiki kwa maumivu ya neva, kwa masharti: maumivu yawe yamefika 50 katika kipimo cha 100, yawe yamedumu angalau miezi 6 tiba nyingine zikiwa zimetumika, na kipindi cha majaribio kiwe kimefaulu. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha kifaa cha namna hii kwa nyayo zinazoungua kwa sababu ya kisukari, baada ya jaribio la watu 216 ambamo asilimia 79 walipata nafuu ya nusu, dhidi ya asilimia 5 waliobaki na dawa.

Ukiishia hapo, utasema tuuze shamba leo. Subirini.

Mtu akitaka kujua kama kidonge kinatibu, hutengeneza kidonge kingine cha sura ile ile kisicho na dawa, akagawa bila mgonjwa kujua amepewa kipi. Anafanya hivyo kwa sababu tumaini lenyewe hutuliza. Maumivu hasa. Mtu aliyeteseka miaka 10, akapasuliwa na wataalamu waliomjali, akaambiwa sasa kifaa kimewashwa, mwili wake hupata nafuu ya kweli hata kama umeme haukufanya kitu. Simwiti mwongo; bawabu husikiliza amri za ubongo, nimesema hivyo sasa hivi.

Tatizo ni kwamba kifaa hiki kwa miaka mingi hakikuweza kufichwa. Umeme wa mtindo wa zamani, wa mapigo kama 50 kwa sekunde, ulimfanya mgonjwa ahisi sisimizi wanatembea mguuni. Kikiwashwa anajua, kikizimwa anajua. Majaribio yote niliyoyataja hayakuwa na kifaa bandia cha kulinganisha. Yalilinganisha waliopata kitu kipya na waliobaki na kile kile kilichokwisha kuwashinda. Jiwekeni mahali pa yule aliyepigiwa kura ya kubaki na dawa zake za zamani. Angepata nafuu gani? Na jaribio lile la kisukari liligharamiwa na kampuni iliyotengeneza kifaa. Si kosa kwa mujibu wa sheria, ila msomaji lazima alijue.

Kisha zikaja aina mpya za umeme: mapigo 10,000 kwa sekunde, na mapigo ya mafungu mafungu. Hizi mgonjwa hazihisi. Watengenezaji walizitangaza kama faraja zaidi, na ni kweli. Lakini bila kukusudia ziliwapa watafiti walichokikosa tangu 1967. Sasa kifaa kingeweza kuzimwa bila mwenyewe kujua.

Watu wa Trondheim, Norway, walifanya hivyo. Walichukua wagonjwa 50 wenye maumivu ya mguu baada ya upasuaji wa mgongo, wote wamefaulu kipindi cha majaribio, wote wamewekewa kifaa cha kudumu. Kwa vipindi 4 vya miezi 3 kila kimoja, kifaa kiliwashwa katika viwili na kuzimwa katika viwili, kwa mpangilio wa kura. Matokeo yalichapishwa Oktoba 2022 katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA. Wagonjwa walipata nafuu katika shughuli zao za kila siku kifaa kikiwa kimewashwa. Walipata nafuu karibu sawasawa kikiwa kimezimwa. Katika kipimo cha alama 100 tofauti ilikuwa alama 1 na kidogo, tofauti ambayo haihesabiki.

Niliposoma hayo nilifunga jarida nikatoka nje kupunga upepo. Kuna waliopinga, na hoja yao ina uzito: umeme uliotumika Trondheim haukupangwa kama wengi wanavyoupanga, na watu 50 ni wachache. Miezi michache baadaye, Machi 2023, mtandao wa Cochrane, unaokusanya na kupima tafiti za wengine, ulipitia majaribio 13 ya maumivu ya kiuno yenye watu 699. Ukasema ushahidi uliopo hauonyeshi faida ya kudumu inayozidi gharama na madhara. Nao umepingwa, na mjadala unaendelea hadi leo.

Nami nina mzani wangu, mtanisamehe wenye mzani tofauti. Kwa kiuno kinachouma peke yake, mimi simshauri mtu. Kwa mguu unaowaka baada ya upasuaji, ilikuwa imani yangu na sasa imepungua, ingawa haijakufa. Kwa mkono au mguu wa wagonjwa wa Uholanzi, na kwa nyayo za kisukari zilizokataa kila dawa, naona kuna kitu, ila nasubiri jaribio lenye kifaa bandia lithibitishe.

Jambo moja la wale Waholanzi bado linanirudia. Walifuatwa kwa miaka 5. Mwishoni, tofauti ya maumivu kati ya makundi mawili ilikuwa imepungua hadi haihesabiki tena. Hata hivyo walipoulizwa kama wangekubali kuwekewa tena kwa matokeo yale yale, asilimia 95 ya wenye kifaa walisema ndiyo. Wako wanaosema hapo wagonjwa walijidanganya. Mimi siwezi kusema hivyo kwa mtu aliyepata hata miaka 2 ya kulala usingizi.

HOJA YA NNE: Upasuaji ni arusi, kifaa ni ndoa

Kifaa huwekwa kwa saa chache. Kuishi nacho ni miaka. Waya unaweza kusogea kutoka mahali pake, na ukisogea kidogo tu umeme unakwenda kusikouma. Usaha unaweza kuingia. Betri isiyochajiwa huisha baada ya miaka michache na lazima mtu apasuliwe tena ili ibadilishwe. Inayochajiwa hudumu zaidi, lakini inataka umeme wa uhakika nyumbani na mtu asiyesahau. Baadhi ya vifaa huzuia kipimo cha MRI. Katika lile jaribio la watu 100, ndani ya mwaka mmoja asilimia 32 ya waliowekewa walipata tatizo lililotokana na kifaa chenyewe.

Na kipo kinachosahaulika: kifaa hupangwa upya kila mara, kwa kompyuta ya kampuni husika na mtu aliyefunzwa. Kwa anayeishi Trondheim, hiyo ni safari ya basi. Kwa mama wa shamba lile, ni viza na tiketi ya ndege kila umeme unapohitaji kurekebishwa. Barua haikuligusa jambo hilo.

Wakati huohuo, tusitazame ng'ambo tukasahau jirani. Huko Uganda, tangu daktari Anne Merriman aanzishe Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ya unga imekuwa ikikorogwa na maji na kupewa mgonjwa wa saratani nyumbani kwake, na mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika. Mofini si dawa ya kila maumivu sugu, na siiweki badala ya kifaa. Naitaja kwa sababu chupa ile ya bei ndogo imetuliza watu wengi zaidi Afrika Mashariki kuliko ambavyo waya wowote utatuliza katika maisha yangu.

Niliwajibu hivi wale watoto. Msiuze bado. Ulizeni kwanza kama mama amewahi kupewa dawa za neva, kama amitriptilini, kwa kipimo kamili na muda wa kutosha. Ilibainika hakupewa, alikuwa akimeza panadoli na diklofenaki miaka yote. Iandikieni hospitali mwulize bei ya wiki ya majaribio peke yake ni kiasi gani, na nani atarekebisha kifaa akisharudi nyumbani. Swali la pili halikujibiwa. Mama sasa anatumia amitriptilini usiku, anakuja kwangu kwa TENS na mazoezi. Mguu bado unawaka. Analala kwa muda wa saa 5 badala ya 2, na shamba limelimwa mwaka huu.

Ndugu mwenyekiti, natazama mbele na kumaliza. Fani hii haijasimama. Mwaka 2020 lilichapishwa jaribio la kifaa kinachosikiliza jinsi ugwe unavyoitika na kujirekebisha chenyewe, na kikafanya vizuri kuliko kile kisichosikiliza. Huko Lausanne, Uswisi, waya wa namna hii umewasaidia watu waliopooza kupiga hatua, habari iliyotangazwa 2018. Vijana wa uhandisi mlioko hapa, siku moja mtatengeneza cha bei tunayoiweza. Mkikitengeneza, kipimeni kikiwa kimezimwa pia.

Nanyi wauguzi, nina ombi ambalo halihitaji fedha. Kesho asubuhi mgonjwa wa kwanza mwenye maumivu akiketi mbele yenu, msiandike "maumivu ya mguu" peke yake. Mwulizeni yakoje, kisha andikeni neno lake mwenyewe kwenye faili: yanapwita, yanakata, yanawaka, yamekufa ganzi. Daktari atakayelisoma atajua aanzie wapi.